Zile nukta za kijani kwenye video za ubongo ni nini hasa?

Video yenyewe huenda umeshaiona. Pana giza, kisha nukta za kijani zinaanza kuwaka na kuzima, hapa moja, pale tatu, mara kundi zima kwa pamoja, na chini yake mtu ameandika: "Hivi ndivyo wazo linavyoonekana ndani ya ubongo." Inapita kwenye makundi ya WhatsApp, inapotea, inarudi na maelezo mapya, na kila inaporudi maswali huwa yaleyale. Kuna anayeuliza kama kweli bongo zetu zinatoa mwanga. Kuna anayesema basi hivi karibuni watu watasomwa mawazo yao. Na hakosekani anayeichukua video hiyohiyo kuwa ushahidi kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake, maana sehemu kubwa ya picha ni nyeusi.

Nyingi ya video hizo ni za kweli. Zimepigwa maabara, na nukta zile ni seli za mnyama aliye hai. Tatizo liko kwenye maelezo yaliyobandikwa chini. Kinachoonekana pale ni kalsiamu ikiingia ndani ya seli na kuishika protini iliyoundwa kutokana na ya mnyama wa baharini, huku protini hiyo ikimulikwa na leza. Kati ya hapo na "wazo" pana mwendo mrefu, na ni vizuri kuutembea hatua kwa hatua.

Umeme usioonekana

Ubongo wa binadamu una seli za neva, au nyuroni, zipatazo bilioni 86. Nyuroni ina kiwiliwili, matawi ya kupokea ujumbe, na mkia ambao huenda ukawa mrefu sana wa kupeleka ujumbe kwa nyuroni nyingine. Ujumbe unasafiri kwa umeme. Seli ikiwa imetulia, upande wake wa ndani una chaji hasi, kiasi cha milivolti 70 chini ya upande wa nje. Ikisisimuliwa vya kutosha, milango midogo kwenye utando wake hufunguka, sodiamu yenye chaji chanya humiminika ndani, volti hupanda ghafla, kisha hurudi chini. Tuuite mpigo. Mpigo mmoja huchukua kama milisekunde moja, yaani sehemu moja katika elfu ya sekunde.

Mpigo huo hauna mwanga. Hata fuvu likifunguliwa kwenye chumba chenye giza totoro, hutaona cheche. Ndiyo maana kwa miongo mingi njia ya kuufuatilia ilikuwa kuchomeka elektrodi, waya mwembamba mno, karibu na nyuroni, kisha kusikiliza. Njia hiyo ingali inatumika, na kwa kunasa kasi ya mpigo ndiyo inayoaminika zaidi. Kasoro yake ni kwamba waya unasikia bila kuona. Hata elektrodi za kisasa, zinazosikiliza mamia ya nyuroni kwa mpigo mmoja mmoja, haziwezi kukuonyesha kila moja imekaa wapi, ina umbo gani, na kama ndiyo ileile uliyoisikiliza wiki iliyopita.

Wakati huohuo, kila mpigo huacha dalili nyingine ndani ya seli, na dalili hiyo ni kalsiamu. Nje ya nyuroni kalsiamu ni nyingi, ndani ni haba. Tofauti yake ni takriban mara 10,000. Seli hutumia nguvu usiku na mchana kuisukuma nje. Mpigo unapopita, milango ya kalsiamu nayo hufunguka kwa kitambo kidogo, na kiwango cha ndani kinaweza kupanda mara kumi au zaidi. Haingii bure. Kwenye ncha za mkia, kalsiamu ndiyo inayoviamuru vifuko vya kemikali vimwage shehena yake kwa nyuroni inayofuata. Baada ya hapo kazi ya kuitoa nje huanza upya, na hiyo hufanyika polepole.

Pafukapo moshi pana moto, wahenga walisema, na hapa msemo huo unafaa kuliko ninavyoweza kueleza kwa grafu. Mpigo ni moto, kalsiamu ni moshi. Ukisimama kilimani alfajiri ukaona moshi umetoka kwenye paa la jiko, unajua wenyeji wameamka na wamewasha, ingawa moto wenyewe hujauona. Lakini moshi unachelewa kutokea, unaning'inia angani hata baada ya kuni kupungua, na hauwezi kukuambia vilitumika viberiti vingapi. Shika hapo. Karibu kila udhaifu wa video za nukta za kijani umo ndani ya tabia hizo tatu.

Mwanga wa kuazima

Bado kalsiamu yenyewe haina rangi. Inahitaji kitu cha kuifanya ionekane, na hapo ndipo fluoresensi inapoingia.

Neno linatisha, jambo lenyewe umeshaliona. Nenda kwa keshia anayekagua noti kwa taa ndogo ya zambarau: nyuzi na alama ambazo mchana hazionekani zinang'aa ghafla. Taa ile inatoa miali ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni. Wino maalumu unaipokea, unapoteza sehemu ya nishati yake, kisha unairudisha iliyobaki ikiwa mwanga wa rangi tunayoiona. Hiyo ndiyo fluoresensi. Kitu kinapokea mwanga wa rangi moja na papo hapo kinatoa wa rangi nyingine, yenye nishati ndogo zaidi. Aliyeieleza kitaalamu na kuipa jina, mwaka 1852, ni George Gabriel Stokes wa Cambridge, na miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa tunayoijua kwa malaria. Maji yenye kwinini hung'aa buluu chini ya urujuanimno. Mwenye taa ya noti na tembe ya kwinini anaweza kujaribu nyumbani.

Jambo la kushika ni kwamba taa ikizimwa, mng'ao unakwisha. Kimulimuli hutengeneza mwanga wake mwenyewe kwa kemikali za mwilini; fluoresensi huazima. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza, kama ubongo unawaka wenyewe, ni hapana. Hata nyuroni iliyopewa protini ya kung'aa haitoi kitu mpaka imulikwe. Mwanga wote unaouona kwenye video ile ulianza kwenye leza ya mtafiti.

Protini yenyewe ina historia ambayo siwezi kuiruka. Mwaka 1961, mkemia kutoka Japani, Osamu Shimomura, alikuwa Friday Harbor, kwenye visiwa vya jimbo la Washington huko Marekani, pamoja na mkuu wake Frank Johnson wa Princeton. Walikuwa wakivua konyeza, yule yavuyavu wa baharini, wa aina iitwayo Aequorea victoria, ambaye kingo za mwili wake hutoa mwanga wa kijani anapoguswa. Walitaka kujua mwanga unatoka wapi. Majaribio yalikwama. Siku moja Shimomura alimwaga mabaki ya jaribio kwenye sinki, na sinki ikalipuka kwa mwanga wa buluu. Ndani ya sinki mlikuwa na maji ya bahari, na kitu kilichokuwamo kwenye maji hayo ambacho mabaki yake yalikuwa yakikisubiri ni kalsiamu. Kutoka kwa konyeza wapatao 10,000 walipata miligramu chache tu za protini iliyotoa mwanga huo, wakaiita ekworini (aequorin). Pembeni yake waliona protini ya pili, ambayo kazi yake ilikuwa kuupokea mwanga wa buluu na kuugeuza kijani. Hii ya pili ndiyo ikaja kujulikana duniani kwa kifupi cha GFP.

Tazama jinsi mnyama mmoja alivyobeba vyote viwili: kuitambua kalsiamu na kung'aa kijani. Ilichukua miaka 40 kuviunganisha upya kwa namna iliyowafaa watu wa ubongo.

Mwaka 1992 Douglas Prasher alifanikiwa kuinakili jeni ya GFP na kuwagawia wenzake. Mwaka 1994 Martin Chalfie akaonyesha kwamba jeni hiyo ikiingizwa kwenye nyuroni za mnyoo mdogo wa maabara, C. elegans, nyuroni hizo zinang'aa bila kuhitaji kitu kingine kutoka kwa konyeza. Roger Tsien akazitengeneza rangi nyingi zaidi. Shimomura, Chalfie na Tsien waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Prasher hakuwamo, fedha za utafiti zilikuwa zimemwishia, na wakati tuzo inatangazwa alikuwa dereva wa gari la kubebea wateja kwenye duka la magari huko Alabama. Sayansi nayo ina mambo yake.

Jinsi nyuroni inavyofanywa ing'ae

GFP pekee hung'aa muda wote, iwe nyuroni imelala au imeamka. Inakuonyesha umbo la seli, haikuonyeshi kazi yake. Kilichotakiwa ni mng'ao unaopanda na kushuka pamoja na kalsiamu.

Tsien alikuwa ameshaanza upande mwingine, tangu miaka ya 1980, kwa rangi za kemikali zinazobadilika mng'ao zinaposhika kalsiamu. Maarufu zaidi ni fura-2 ya mwaka 1985. Zilifanya kazi nzuri, na bado zipo. Ila rangi inabidi iingizwe kwenye seli kila unapofanya jaribio, baada ya saa kadhaa inavuja au inaharibika, na haichagui: inaingia kwenye nyuroni na kwenye seli zisizo nyuroni vilevile.

Mwaka 2001 Junichi Nakai na wenzake huko Japani walichapisha suluhisho lililobadilisha mambo. Waliikata GFP katikati, wakaunganisha ncha zake za zamani, na kwenye ncha mpya wakapachika vipande viwili: kalmodulini, protini ya mwilini ambayo desturi yake ni kushika kalsiamu, na kipande kidogo ambacho kalmodulini hukikumbatia ikishaishika. Kalsiamu ikiwa haba, sehemu ya GFP inayong'aa inabaki wazi kwa maji na inafifia. Kalsiamu ikiingia, kalmodulini inajikunja, inakikumbatia kile kipande cha pili, umbo zima linabana, na kijani kinapanda. Protini hii inaitwa GCaMP. Toleo la sita, lililotoka mwaka 2013 kwenye kituo cha utafiti cha Janelia, Virginia, ndilo lililoipeleka kwenye maabara za dunia nzima, kwa kuwa liliweza kuonyesha hata mpigo mmoja katika hali nzuri. Toleo la nane lilichapishwa mwaka 2023, na ubora wake mkubwa ni kasi.

Kwa kuwa ni protini, huhitaji kuimwaga. Unaipa seli jeni, nayo inajitengenezea. Njia mojawapo ni kuipakia jeni kwenye virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaliana, vya jamii ya AAV, na kuvidunga sehemu inayotakiwa ya ubongo wa panya. Njia nyingine ni kuzalisha panya ambao jeni hiyo wanayo tangu tumboni. Vyovyote iwavyo, mtafiti anaweza kuamua ni nyuroni za aina gani pekee zitakazong'aa, jambo ambalo waya haukuliwezesha.

Halafu unahitaji dirisha. Chini ya nusukaputi, panya hukatwa kipande kidogo cha fuvu, chenye upana wa milimita chache, na kuwekewa kioo. Akishapona anawekwa chini ya hadubini, kichwa kikiwa kimeshikiliwa, miguu ikikimbia juu ya gurudumu, huku akionyeshwa picha au akitembea kwenye njia ya bandia iliyo kwenye skrini.

Kikwazo kilichobaki ni kwamba tishu ya ubongo hutawanya mwanga. Ukimulika kwa buluu ya kawaida, juu juu panaonekana, ndani zaidi panakuwa ukungu mtupu. Suluhisho lake lilitoka kwenye hesabu za Maria Göppert-Mayer, ambaye mwaka 1931, katika kazi yake ya uzamivu, alionyesha kwamba molekuli inaweza kupokea chembe mbili za mwanga, yaani fotoni mbili, kwa wakati mmoja na kuziona kama moja yenye nguvu mara mbili. Tukio hilo ni adimu mno. Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb walilitumia mwaka 1990 huko Cornell kutengeneza hadubini ya fotoni mbili: leza ya infraredi, inayopenya tishu vizuri kuliko buluu, inarushwa kwa midundo mifupi ajabu, na ni pale tu inapokutania kwenye kitovu chake ndipo fotoni zinapokuwa nyingi kiasi cha mbili kuingia pamoja. Nje ya kitovu hakuna kinachong'aa, kwa hiyo hakuna ukungu. Kitovu hicho kinapitishwa mstari kwa mstari, mara nyingi kama picha 30 kwa sekunde, na kompyuta inaunganisha. Kwa njia hii panya anaonekana hadi kina cha nusu milimita, ukijitahidi milimita moja hivi. Zaidi ya hapo ni giza, na giza hilo ni la vifaa. Ubongo wenyewe uko kazini.

Tusome tena ile video

Sasa rudi kwenye zile asilimia 10. Weusi unaouona una sababu nyingi, na hakuna hata moja inayosema seli hazina kazi. Si kila nyuroni ilipata jeni. Si kila seli ya ubongo ni nyuroni. Hadubini inaona tabaka moja jembamba kwa wakati. Na nyuroni nyingi hupiga mara chache, kwa zamu, kwa sababu ndivyo ubongo wenye afya unavyofanya kazi. Nyuroni zote zikipiga kwa pamoja utapata degedege, wala hutapata kipaji. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula kama asilimia 20 ya nishati yake. Mwili usingelisha kiungo cha gharama hivyo ili asilimia 90 yake ikae kijiweni.

Rangi nazo zisikudanganye. Kijani cha GCaMP ni cha kweli, lakini kifaa cha kupokea mwanga huhesabu fotoni tu. Rangi inayoonekana kwenye skrini ameiweka mtafiti, na wengine huweka nyekundu na njano ili mabadiliko yaonekane vizuri. Mara nyingi kinachoonyeshwa hata si mwangaza wenyewe. Ni tofauti kati ya mwangaza wa sasa na ule wa seli ikiwa imetulia. Nyingi ya video hizo pia zimeharakishwa, dakika kadhaa zikapita kwa sekunde chache.

Na kuna suala la muda, ambapo moshi unajidhihirisha. Mpigo ni milisekunde moja. Mng'ao wa matoleo ya polepole ya GCaMP unaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi kufifia. Nyuroni ikipiga mara nane mfululizo, unachokiona ni mwako mmoja mkubwa, na kukadiria ilikuwa minane au sita ni kazi ya hesabu yenye makosa yake. Anayesoma makala ya kisayansi na kukuta "shughuli ya nyuroni" akumbuke kwamba mara nyingi kilichopimwa ni kalsiamu, na mipigo imekadiriwa kutokana nayo.

Hapo ndipo "hivi ndivyo wazo linavyoonekana" inapokosa miguu. Mtafiti akikuonyesha nukta 500 zikiwaka wakati panya anakata kona, ana haki ya kusema seli hizi huwaka kwenye kona hii. Hana haki ya kusema panya anawaza nini.

Hata hivyo nisieleweke kwamba naidharau njia hii. Imetupa mambo ambayo waya haungeyatoa. Mwaka 2011 maabara ya Mark Schnitzer, Stanford, ilitangaza hadubini ya gramu 1.9 inayobebwa kichwani na panya anayetembea huru. Miaka miwili baadaye, kwa kifaa cha aina hiyo, kundi lilelile lilifuatilia mamia ya nyuroni za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, kwa siku 45. Hipokampasi ina seli zinazowaka mnyama akiwa mahali fulani, na wengi wetu tungetarajia kwamba panya akirudi mahali palepale, seli zilezile ndizo zitakazowaka. Ukilinganisha siku mbili zozote, seli zilizoonekana kushiriki siku zote mbili zilikuwa kama asilimia 15 hadi 25 tu. Panya anapafahamu mahali, lakini kikosi kinachopawakilisha kinabadilishwa watu. Ubongo unatunzaje kumbukumbu wakati watunzaji wake wanabadilika hivyo? Swali hilo bado linawasumbua wataalamu, na lisingeulizwa bila uwezo wa kuitambua seli ileile wiki baada ya wiki.

Mfano mwingine ni wa ugonjwa. Panya waliopandikizwa jeni zinazoleta madonge ya protini kama ya ugonjwa wa Alzheimer walipochunguzwa kwa rangi za kalsiamu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba nyuroni zilizo karibu na madonge hayo nyingi zilikuwa zinapiga kupita kiasi. Aliyekuwa akidhani ugonjwa huo ni seli kunyamaza tu, ilimbidi afikirie upya.

Kwa viumbe wadogo mambo yamefika mbali zaidi. Vifaranga vya samaki pundamilia vina ngozi inayopenyeza mwanga na ubongo wenye nyuroni zipatazo 100,000. Mwaka 2013 Misha Ahrens na Philipp Keller wa Janelia walirekodi zaidi ya asilimia 80 ya nyuroni hizo kwa wakati mmoja, kila moja ikionekana peke yake. Na mwaka 2025 ulichapishwa mradi wa MICrONS, ambamo panya alionyeshwa video huku nyuroni zake 75,000 hivi zikirekodiwa. Kisha kipande hichohicho cha ubongo, chenye ukubwa wa takriban milimita moja ya ujazo, kilikatwa vipande vyembamba mno na kuchorwa upya, viungo zaidi ya milioni 500 kati ya seli na seli. Kipande hicho ni kidogo kama punje ya mchanga.

Je, binadamu?

Kwa njia hii, hapana. Kuona nyuroni zako zikiwaka kungehitaji jeni ngeni iingizwe kwenye ubongo wako, fuvu likatwe, na leza iletwe juu yake, na baada ya yote hayo ingeona milimita moja ya juu. Hakuna atakayekufanyia hivyo ukiwa umekaa kwenye daladala. Tishu ya binadamu inayochunguzwa hivi ni ile iliyotolewa kwenye upasuaji, kwa mfano wa kifafa, ambayo huweza kuwekwa hai maabara kwa muda.

Mkanganyiko unatokana na vitu vingine vitatu vinavyofanana nayo kwa mbali. Cha kwanza ni picha za MRI zenye mabaka mekundu. Zile hupigwa kwa sumaku, hazina mwanga wowote, na zinapima oksijeni ya damu. Damu nayo huitikia kwa kuchelewa sekunde kadhaa, na kila kijisanduku cha picha hubeba mamia ya maelfu ya nyuroni. Cha pili ni vifaa vya kupandikiza kichwani, kama vya kampuni ya Neuralink vilivyoanza kuwekwa kwa watu mwaka 2024. Hivyo hutumia elektrodi. Cha tatu ni fluoresensi ya kweli, ila kwa kazi tofauti. Mgonjwa wa aina fulani za saratani ya ubongo hunyweshwa dawa iitwayo 5-ALA kabla ya upasuaji, na chini ya taa ya buluu uvimbe hung'aa wekundu wa waridi, daktari akajua akate wapi na aache wapi. Inaonyesha saratani ilipo. Haionyeshi nyuroni inafanya nini.

Wenye subira wanangoja moto wenyewe uonekane. Zipo protini zinazong'aa kwa kufuata volti badala ya kalsiamu, na zinanasa mpigo ukiwa mpigo. Gharama yake ni kwamba kamera lazima ipige mamia ya picha kwa sekunde au hata elfu moja, mwanga uwe mkali, na mwanga mkali huichosha protini mpaka inaacha kung'aa. Kwa sababu hiyo, nyuroni zinazofuatiliwa kwa mara moja bado ni chache sana ukilinganisha na za kalsiamu.

Hadubini ya fotoni mbili inagharimu fedha ambazo vyuo vikuu vyetu vingi havina, na kwa muda mrefu hilo lilimaanisha kwamba mwanafunzi wa Afrika Mashariki husoma habari hizi tu, hagusi. Si lazima iwe hivyo kabisa. Mtandao wa wanasayansi uitwao TReND in Africa ulianza kwa kuendesha mafunzo ya ubongo wa wadudu katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kampasi ya Ishaka, magharibi mwa Uganda, kwa kutumia nzi wa matunda, ambaye kumfuga ni rahisi na ambaye jeni zake zinajulikana vizuri. Mwaka 2017 baadhi ya watu wa mtandao huo, akiwemo Tom Baden, walichapisha michoro ya FlyPi: hadubini ya fluoresensi inayochapishwa kwa printa ya 3D, yenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kamera yake, ambayo kwa umbo la msingi vifaa vyake vinagharimu kama euro 100. Michoro ni ya bure, yeyote anaweza kuipakua na kuitengeneza. Haitaona nyuroni moja moja ndani ya ubongo wa panya. Nzi, mnyoo au kifaranga cha samaki aliyepewa protini ya kijani, inamwona aking'aa.